Zebaki jikoni, bia kwenye sendofu: jibu kwa mama kijacho wa Kahama

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 26, naishi Kahama, hii ni mimba yangu ya pili na kwa hesabu zangu niko wiki ya 11. Sikujua kama nina mimba hadi wiki ya 8. Kabla ya hapo, kama wiki ya 4, nilikunywa bia mbili kwenye sendofu ya mdogo wangu, na wiki ya 6 nilimeza antibiotiki ya doksi na diklofenaki ya maumivu, za UTI, nilizonunua duka la dawa. Napaka krimu ya kuchanganyiwa saluni. Nakula pemba, ule udongo wa kutafuna, kuacha nimeshindwa. Mama mkwe amenikataza mayai, anasema mtoto atatoka na kipara. Ananipikia maini kila siku na kunipa glasi ya waini ya Dodoma jioni ili niongeze damu. Ameniahidi na dawa ya kuongeza uchungu mwezi wa tisa ukifika. Kliniki sijaanza, nasubiri tumbo litokeze kwanza. Nyumbani hakuna anayevuta sigara, mume wangu hutumia tu jiko langu usiku kuchomea dhahabu yake. Je, nimeshamharibu mwanangu? Naomba orodha kamili ya vitu vyenye madhara kwa mtoto aliye tumboni.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Udokta umenipa bure, mimi ni mfamasia, ingawa wajawazito nimeongea nao dirishani miaka mingi kuliko madaktari wengi.

Orodha sikupi. Ningeiandika ingejaa kurasa, ungeanza kuiogopa chai na sabuni ya kufulia, na bado jiko la mumeo usingeliona humo, kwa sababu orodha za aina hiyo huandikwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga mwaloni, kule dhahabu inakooshewa. Barua yako imetaja mambo kumi hivi. Unayoyalilia ni bia mbili na doksi. Lililonifanya nikae chini nikuandikie usiku huu huu umelitaja mwisho kabisa, tena umeliwekea neno "tu".

Nianzie hapo.

Zebaki anayokamatishia dhahabu mumeo, ikipata moto hugeuka mvuke. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, ndiyo maana hukuwahi kuulalamikia kama unavyoulalamikia moshi wa kuni. Mtu akiuvuta, takriban 80% yake hubaki mwilini: hutoka mapafuni kuingia kwenye damu, na kwa mjamzito hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Hupenda kukaa kwenye figo na kwenye ubongo, na ubongo wa mwanao ndiyo kwanza unajengwa. Halafu jambo hilo haliishi pale mumeo anapozima moto na kuondoka na dhahabu yake. Sehemu ya mvuke hupoa, ikawa vitone vidogo visivyoonekana kwa macho, vikatua ukutani, kwenye mabati, kwenye masufuria na kwenye jiko lenyewe. Asubuhi unawasha moto wa uji, vinapanda tena hewani. Kwa hiyo hata kama yeye anachoma wewe ukiwa umelala chumba cha pili, asubuhi unaivuta wewe, na yule mwanao mkubwa anaivuta pamoja nawe.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, unayataja mambo ambayo nchi zenye wachimbaji wadogo zinatakiwa kuyakomesha. Mojawapo ni kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye makazi ya watu. Nakutajia hili ili mumeo asidhani ni woga wa mwanamke mwenye mimba. Jina la mkataba limetoka kwenye mji wa pwani ya Japani, ambako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga taka zenye zebaki baharini miaka mingi. Ugonjwa wa ajabu uliripotiwa rasmi mwaka 1956: watu wanatetemeka, hawaoni vizuri, wanaanguka. Wakati huo madaktari waliamini kondo la nyuma ni chujio, kwamba sumu humwishia mama. Kumbe wanawake waliokuwa na dalili kidogo, au wasio nazo kabisa, walikuwa wanazaa watoto wasioweza kukaza shingo wala kutamka neno. Mwaka 1962 ndipo ilipokubalika rasmi kwamba sumu ilikuwa imepita kwa mama na kumfikia mtoto tumboni. Ushahidi mwingine ulitoka mahali ambapo bibi zetu wangepaelewa. Sisi kitovu cha mtoto tunakizika, Wajapani hukikausha wakakihifadhi kwenye kisanduku kidogo. Vitovu vile vilipopimwa miaka baadaye, vilikutwa na zebaki.

Zebaki ya Minamata ilikuwa ya aina nyingine, inayojikusanya kwenye samaki, na kwa mtoto aliye tumboni ni kali kuliko mvuke wa jikoni kwako. Sisemi mwanao atakuwa kama wale. Ninachokuambia ni kwamba wewe kujisikia mzima si kipimo cha hali ya mtoto. (Na kabla hujauliza: dagaa endelea nao. Samaki wadogo hawana muda wa kujikusanyia zebaki kama wale wakubwa wanaokula wenzao.)

Cha kufanya si kikubwa, ila kifanyike wiki hii. Dhahabu isichomwe tena nyumbani, iwe ndani, uani au nyuma ya choo. Achomee mbali na makazi, na kama kikundi chao kina retoti, yaani kile chombo kilichofungwa kinachoudaka mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, watumie hicho; tena wataokoa zebaki ambayo wameinunua kwa pesa. Jiko lile litoke. Msilipeleke kwa jirani likampikie mwingine. Kuta na sakafu zifutwe kwa kitambaa kibichi, milango ikiwa wazi, na anayefuta asiwe wewe wala mtoto. Ufagio mkavu usitumike, maana utarusha vumbi upya. Nguo zake za kazi zisiingie chumbani, na usizifue wewe. Zebaki iliyobaki kwenye chupa isihifadhiwe ndani. Ukifika kliniki sema wazi: "Nyumbani kwetu dhahabu ilikuwa inachomwa kwa zebaki." Wauguzi wengi hawatakuuliza, haimo kwenye maswali ya kadi. Kipo kipimo cha mkojo kinachoonyesha umevuta kiasi gani; hufanywa maabara kubwa na daktari ndiye atakayekuelekeza. Usikubali mtu akuuzie dawa ya kusafisha zebaki mwilini.

Sasa krimu, kwa sababu inawezekana ni zebaki ileile imepitia mlango mwingine.

Mkorogo wa saluni hauna lebo, kwa hiyo aliyekuchanganyia tu ndiye anayejua kilichomo, na pengine hata yeye hajui. Mara nyingi krimu za kung'arisha ngozi hukutwa na vitu vitatu: zebaki, haidrokwinoni, na steroidi kali kama klobetasoli. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake na hupenya kuingia kwenye damu. Mkataba ule niliousema unakataza vipodozi vilivyotiwa zebaki. Haidrokwinoni hufyonzwa na ngozi kwa wingi usio wa kawaida kwa dawa ya kupaka, zaidi ya theluthi moja ya kile ulichopaka. Klobetasoli ikipakwa mwili mzima kwa miezi inahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Baadhi ya krimu zenye zebaki zina onyo kwenye kopo kwamba zisiguse vito vya dhahabu na fedha. Mke wa mchimbaji huhitaji kuelezwa sababu: zebaki ikiona dhahabu huishika, ndiyo kazi inayofanya kwenye karai la mumeo. Kama pete yako imewahi kupauka ikawa nyeupe baada ya kupaka, basi umeshapata jibu bila maabara.

Acha kupaka leo. Lakini kama umeipaka mwili mzima kwa miaka, waambie kliniki unaacha. Ngozi iliyozoea steroidi huwaka na kutoka vipele ikiachishwa ghafla, na kuna jambo zito zaidi: steroidi ya muda mrefu huzilaza tezi zilizo juu ya figo ambazo mwili unazitegemea wakati wa shida, na leba ni shida mojawapo. Mkunga atakayekuzalisha anatakiwa alijue hilo kabla. Kopo lenyewe, hata likiwa tupu, nenda nalo.

Turudi kwenye bia na doksi.

Wiki za kliniki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wakati mimba yenyewe hutunga kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo "wiki ya 4" ya sendofu ilikuwa wiki ya 2 tu ya mtoto. Kipindi hicho ni kundi la chembe ambalo ndiyo kwanza linajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Likipata dhara kubwa kwa kawaida mimba hutoka, na lisipotoka huendelea kama kawaida. Wewe haikutoka. Bia zile mbili zisamehe.

Wiki ya 6 ni hadithi nyingine, hapo viungo vinaumbwa, na ndipo ninapopaogopa kwa dawa. Dunia ilijifunza hili kwa machungu. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi iliingiza sokoni dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, ikasifiwa kuwa salama hata kwa wajawazito wenye kichefuchefu. Hadi inaondolewa mwishoni mwa 1961 ilikuwa imeacha watoto zaidi ya 10,000 wenye mikono au miguu mifupi, au wasio nayo kabisa. Walipoketi kuhesabu siku na mama mmoja mmoja, waliona hatari ilikuwa kati ya siku ya 20 na ya 36 tangu mimba kutunga. Kidonge kilekile kikimezwa baada ya hapo, mikono ilikuwa salama. Kwa hiyo dawa haina "madhara kwa wajawazito" hivi hivi. Ina madhara ya siku fulani na ya kiasi fulani.

Doksi madhara yake yanayojulikana vizuri ni kwenye meno na mifupa, na meno ya mtoto huanza kukomaa kuanzia kama mwezi wa nne. Hapo ndipo inapoyachafua yakawa ya njano au kahawia moja kwa moja. Wewe uliimeza kabla, kwa siku chache, na wanawake walioimeza mapema namna hiyo wamefuatiliwa bila kuonekana ongezeko kubwa la ulemavu. Diklofenaki nayo ubaya wake uko mbele: kuanzia wiki ya 20 inaweza kuzipunguzia kazi figo za mtoto, maji ya uzazi yakapungua, na kadiri miezi ya mwisho inavyokaribia inaweza kufunga kabla ya wakati mshipa mkubwa ulio karibu na moyo wake. Ibuprofeni ni ndugu yake, na dawa nyingi za mchanganyiko za mgongo na mafua zina mmoja wao ndani.

Kwa hiyo je, umemharibu? Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, wawili watatu huwa na kasoro kubwa hata mama akiwa hakumeza chochote. Kwa dozi zako mbili zile sioni sababu ya kukutoa kwenye kundi hilo la wote. Ultrasaundi ya kuangalia viungo, kati ya wiki ya 18 na 22, itakuonyesha zaidi kuliko mimi.

Ila hiyo "UTI" nina neno nayo. Siku hizi mtu akiumwa kiuno, akichoka, akigombana na mumewe, ana UTI. Mjamzito mwenye UTI ya kweli lazima atibiwe, maana inaweza kupanda hadi kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati, na antibiotiki zinazofaa kwa mimba zipo. Ipimwe mkojo kwanza. Na ukisimama kwenye dirisha la duka la dawa, hata duka la mwanakijiji mwenzako, hata kama umechelewa siku tatu tu na huna uhakika, anza na maneno haya: "Huenda nina mimba." Yule muuzaji hana macho ya kuona wiki ya 6. Mimi mwenyewe, na elimu yangu yote, nimewahi kumkabidhi mwanamke dawa nikasikia habari ya mimba akiwa anafunga mkoba. Tulicheka wote wawili, lakini vidonge nilivirudisha mkono unatetemeka.

Kwa maumivu na homa kilichobaki ni parasetamoli, kwa kipimo cha kawaida na siku chache. Najua sauti zinazozunguka kwenye simu tangu mwaka 2025 kwamba inaleta usonji. Uchunguzi mkubwa wa Sweden uliotoka 2024, wa watoto karibu milioni 2.5, uliwalinganisha ndugu wa tumbo moja ambao mama alimeza kwa mmoja na hakumeza kwa mwingine, na tofauti haikuonekana. Homa kali isiyotulizwa yenyewe ni hatari kwa mimba changa.

Waini sasa. Mama mkwe anakupenda, hilo naliona kwenye kila mstari wa barua yako, lakini wekundu wa waini ni wa ganda la zabibu, hauhusiani na damu. Pombe hupita kondo la nyuma kama maji, na ini la mtoto halina uwezo wa kuivunja. Viungo vina wiki zake, lakini ubongo hujengwa miezi yote tisa, kwa hiyo hakuna mwezi ambao pombe imeonekana kuwa salama wala kiasi ambacho mtu anaweza kukuwekea alama kwenye glasi. Paul Lemoine aliwaelezea watoto wa akina mama wanywaji huko Nantes, Ufaransa, mwaka 1968. Miaka mitano baadaye madaktari wa Seattle wakalipa tatizo jina. Mahali palipokutwa na watoto wengi zaidi wa aina hii katika tafiti zilizofanyika ni Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, penye mashamba ya mizabibu, ambako kwa vizazi wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa waini. Wengi wa watoto hao huwezi kuwatambua wodini. Wanatambulika darasa la pili, hesabu haziingii, mwalimu anamwita mtundu, mzazi anamchapa. Ninashawishika kwamba wapo wengi na kwetu, kwenye vijiji vya mbege na ulanzi, ila hakuna anayewaangalia kwa jicho hilo. Glasi ya jioni iishie leo. Mama akitaka kukupa kitu, togwa ambayo haijachachuka inatosha, au juisi ya machungwa.

Pemba inahitaji subira kidogo kwa sababu haiachwi kwa kugombezwa. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma. Mwili unaomba, na unachoupa unauzidishia njaa, maana udongo hukamata chuma tumboni na kutoka nacho. Juu ya hapo, udongo unabeba vitu vyake: mayai ya minyoo, ambayo kuukaanga kunaua, na madini kama risasi na arseniki, ambayo kuukaanga hakuyagusi. Risasi ina tabia mbaya. Hukaa mifupani miaka, na mimba inapochota kalisi kwenye mifupa ya mama kumjengea mtoto, risasi huchotwa nayo. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kiliyeyusha betri chakavu katikati ya nyumba zao, walisubiri hadi 2020 mahakama iamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini mwanamke aliyekua pale akihama leo, mifupa yake anahama nayo.

Kwa hiyo usianze kwa kupambana na pemba, anza kwa kupima wingi wa damu. Ikiwa chini ya 11 una upungufu, na vidonge vya kuongeza damu utapewa kliniki bure. Vimeze na chungwa au ndimu, visikutane na chai, chai inazuia chuma kuingia. Choo kitakuwa cheusi na pengine kigumu, usishtuke. Wanawake wengi huniambia hamu imepungua baada ya wiki chache za vidonge, wakati mahubiri ya miezi hayakuwasaidia. Ikikushika kabla ya hapo, punguza vipande, na tafuna kitu kingine kikavu, karanga au mhogo uliokaangwa.

Kliniki usisubiri tumbo litokeze. Najua sababu nyingine hatuziandiki kwenye barua, za watu wenye macho mabaya. Ficha mimba kwa majirani, ila muuguzi mwoneshe. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, usipofunga ndiyo mgongo wazi, na kinga yake ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, iliyoanza kumezwa kabla ya mimba. Kwa mimba hii muda huo umepita. Bado foliki utapewa kwa ajili ya damu, na kwa mtoto wa tatu, Mungu akipenda, utaanza mapema. Kuanzia wiki ya 13 utaanza SP ya kukukinga na malaria, meza palepale mbele ya muuguzi, na urudi kwa nyingine baada ya mwezi au zaidi hadi utakapojifungua. Anayetumia septrini kwa sababu ya VVU yeye hapewi SP. Usijiongezee vidonge vya foliki vya miligramu 5 vya kununua, vinaipunguzia SP nguvu. Chandarua chenye dawa lalia bila wasiwasi. Malaria ikikupata hata leo wiki ya 11, tibiwa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limeikubali dawa ya mseto ya artemeta na lumefantrini hata kwa miezi mitatu ya mwanzo. Malaria yenyewe inaua mimba.

Nafungua mabano kwa wasomaji wengine, maana najua barua hii itapita mikono mingi. Mwenye kifafa anayetumia valproeti, na mwenye presha anayetumia kaptopri, enalapri au lisinopri, aende kubadilishiwa dawa, ikiwezekana kabla ya kushika mimba. Valproeti peke yake hugusa karibu mtoto mmoja katika kumi kwa kasoro za maumbile, mbali na walio wengi zaidi wanaochelewa akili. Lakini asiache mwenyewe usiku mmoja, degedege linaweza kumuua yeye na mtoto. Na mwenye VVU asiguse dozi yake. Mwaka 2018 huko Botswana ilionekana dalili kwamba dolutegravia inaleta mgongo wazi, wanawake wengi wakatishika. Wakaendelea kuhesabu watoto, na kadiri hesabu ilivyokua tofauti ikayeyuka. Leo dawa hiyo wanapewa wajawazito kila mahali.

Yamebaki ya mama mkwe. Maini si mabaya, yana chuma kizuri, ila yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi miezi ya mwanzo inaweza kumdhuru mtoto. Kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha. Siku nyingine maharage, dagaa, mchicha.

Ile dawa ya mwezi wa tisa ndiyo itakayokutaka ujasiri. Mizizi ya kuongeza uchungu inafanya kazi kweli, na hapo ndipo shida ilipo. Hospitali dawa ya uchungu inapita kwenye dripu kwa matone ya kuhesabu, na mkunga ameweka mkono tumboni. Ukizidi anafunga. Kikombe ukishakimeza hakina pa kufungia. Mji wa mimba hubana bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na kwa mama aliyewahi kuzaa, au mwenye kovu la upasuaji, unaweza kupasuka. Na ukifika wodini hutasema umekunywa nini, kwa kumwonea haya mama, na mkunga ataongeza dripu juu ya kikombe.

Usimbishie mbele ya watu. Mchukue mkaende naye kliniki, mkalishe mbele ya muuguzi, aulize yeye mwenyewe. Wazee wetu humsikia mwenye sare nyeupe hata kama ni mdogo kwao kwa miaka thelathini. Halafu mpe kazi: yeye ndiye awe msimamizi wa vidonge vya damu, na yeye ndiye amkataze mwanawe asirudi na zebaki nyumbani. Wewe ukisema, mumeo atabisha. Mama yake akisema, jiko litatoka siku hiyohiyo.

Na mayai kula, moja kila siku ukilipata. Watoto wanaozaliwa na kipara nimewaona wengi, wa mama waliokula na wasiokula, na wote nywele zimeota.